Mbegu Tatu za Inspekta Sindano

Katika maelezo yote ya mshukiwa ni sentensi moja tu iliyopigiwa mstari, na Inspekta aliisoma mara mbili kabla ya kumtazama aliyeiandika.

"'Mshukiwa anakiri kwamba alisahau mbegu.'" Akaiweka karatasi mezani. "Sajenti, mbegu za nini?"

"Za kabichi, afande." Sajenti akasukuma pakiti ndogo hadi katikati ya meza. "Kielelezo A. Tumeikamata kwa yule shangazi yake."

"Ulimwuliza msichana kama ni kabichi?"

"Mbegu ni mbegu, afande."

Sajenti huyu walimwita Kalamu, kwa sababu aliandika kila alichosikia na hakuelewa nusu ya alichoandika. Inspekta mwenyewe walimwita Sindano. Wapo waliosema ni kwa kuwa kabla ya kuingia polisi alikuwa akiwashonea sare. Wapo waliosema ni kwa kuwa hahitaji mlango, tundu linamtosha. Wale aliokwisha kuwashona, ambao walikuwa wengi na walikuwa wakila chakula cha serikali, hawakuulizwa maoni yao.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi kama pamba. Soko jipya lilikuwa na vibanda arobaini, na vibanda havikuwa sawa. Cha kwanza kilikuwa langoni. Mteja akijikwaa tu anaangukia kwenye bidhaa zako. Cha arobaini kilikuwa kimeegemea choo, na hata nzi walikuwa wakiingia kwa kusitasita. Ili watu wasitoane macho, ikaamuliwa kompyuta ichague. Karani wa soko, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, akaiandika programu hiyo mwenyewe. Asubuhi ya jana kila mfanyabiashara alipewa kadi yenye namba mlangoni, kwa kufuata foleni. Kisha mashine ikaanza kuzitaja namba: ya kwanza kutajwa, kibanda cha kwanza; ya mwisho, chooni.

Ya kwanza ilikuwa kumi na saba. Kadi hiyo alikuwa nayo muuza magodoro, ambaye soko zima lilimwita Godoro, naye alicheza mpaka mkanda ukafunguka. Ya mwisho ilikuwa ya muuza mbegu, shangazi yake karani.

Hapo ndipo karani aliposimama, uso umempauka, akasema uchaguzi huo haufai, urudiwe. Kwa nini? "Nilisahau mbegu!" akalia. Mwenyekiti wa soko hakuhitaji kingine. Alimwonyesha kidole yule mama wa mbegu akanguruma: "Mmesikia wenyewe! Shangazi kapata choo, sasa mtoto anataka kuvuruga!"

Karani na shangazi yake wakalala mahabusu. Leo saa kumi jioni funguo za vibanda zingegawiwa, na saa hiyohiyo karani angepelekwa rumande akingoja mahakama. Funguo zikishatoka, alijua Inspekta, hakuna atakayesikiliza habari za mbegu tena. Msichana angekaa ndani na kazi yake ingepewa mwingine.

"Mlete," alisema. "Na ile kompyuta yake ilete."

* * *

Karani aliingia akiwa ameshika viatu mkononi. Kule mahabusu walikuwa wamemnyang'anya kamba zake.

"Kaa, binti. Nieleze mbegu. Nieleze kama unamweleza mshona nguo."

Msichana akamtazama kama anayepima kama ni mzaha. Haukuwa mzaha.

"Afande, kompyuta haijui kubahatisha," alianza. "Ukiiambia itoe namba yoyote ile, inapiga hesabu. Inachukua namba ya kuanzia, inaizungusha na kuizungusha mpaka itoke nyingine usiyoitarajia. Kisha inaichukua hiyo nayo, inaizungusha tena. Ile ya kuanzia ndiyo tunayoiita mbegu. Ukipanda mbegu ileile, unavuna namba zilezile, kwa mfuatano uleule."

"Na usipopanda?"

"Inajipandia yenyewe. Inaanza na moja. Kila ukiiwasha, moja."

Kalamu aliacha kuandika. "Sasa kabichi inaingia wapi?"

"Sajenti," alisema Inspekta, "kabichi imetoka." Akamgeukia msichana. "Washa."

Msichana akafungua kompyuta na kuiendesha programu. Kwenye kioo zikashuka namba: kumi na saba, nne, thelathini na nane, na nyingine nyuma yake kama watu wanaoteremka ngazi. Inspekta akazisoma kwa sauti.

"Zima. Washa tena."

Kumi na saba. Nne. Thelathini na nane.

"Tena."

Kumi na saba. Nne. Thelathini na nane.

"Imepangwa hiyo!" Kalamu akaruka. "Afande, tumemshika! Kapanga kumi na saba ishinde!"

"Taratibu. Ungekuwa wewe mwizi, umetengeneza dadu inayoangukia upande mmoja tu, ungemwachia polisi airushe mara tatu?"

"Nisingemwachia."

"Na Godoro akishinda kwa wizi wako, ungesimama ukumbini kupiga kelele kwamba uchaguzi haufai?"

Kalamu alifikiri. Kufikiri kulimchosha, akaamua kuandika tu.

"Mstari uliosahau ni upi?" Inspekta alimwuliza msichana.

"Mmoja tu. Unaitwa srand. Unachukua saa ya kompyuta na kuifanya mbegu, kwa hiyo ukiendesha leo na kesho zinatoka namba tofauti." Aliinamisha kichwa. "Kwenye kitabu, rand, ile inayotoa namba, imeelezwa ukurasa mmoja, srand iko ukurasa wa nyuma yake. Nilipoona namba zinatoka ovyoovyo nilifurahi, nikafunga kitabu. Sikugeuza ukurasa."

"Ulijua lini?"

"Jana, ukumbini. Juzi mchana tulifanya jaribio ofisini, ya kwanza ikatoka kumi na saba. Jana ikatoka kumi na saba, nikasema bahati. Ikaja nne, kama juzi. Ilipokuja thelathini na nane nilijua, lakini ujasiri wa kusimama niliupata ilipotajwa ya mwisho."

"Kwenye hilo jaribio walikuwepo akina nani?"

"Mwenyekiti. Fundi umeme, aliyekuja kufunga projekta. Na mama chai alikuwa anatuletea chai. Tuliendesha mara mbili, maana mara ya kwanza projekta ilizimika."

"Mara mbili, na wewe hukuona kwamba namba zimerudi?"

"Mara ya pili nilibonyeza nikaingia chini ya meza, afande, nimeushika waya usichomoke. Fundi ndiye aliyeniambia niushike."

Inspekta Sindano alisimama. Alikuwa amepata tundu.

* * *

Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu kama malkia aliyechelewa kuletewa chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeleta mbegu zangu?"

"Ziko salama. Wanasema ulimhonga mpwa wako avuruge uchaguzi."

"Nilimhonga saa ngapi?" Mama aliinua mikono yote miwili. "Namba yangu imetajwa ya mwisho, mtoto palepale kasimama. Nilimhonga kwa kukonyeza? Basi nina jicho la thamani, nilikate niliuze, niachane na kabichi!"

Hata Kalamu alicheka, kisha akakumbuka cheo chake.

"Kwenye foleni jana, Godoro alikuwa wapi?"

"Alikuwa wa tatu! Tulifika naye alfajiri. Nami nikiwa nyuma yake, akageuka akaniambia, 'Tangulia, shangazi.' Nikafikiri anaumwa. Godoro! Mtu anayekanyaga miguu ya wafiwa ili awahi kiti! Nikapita haraka kabla hajapona. Akampisha na aliyekuwa nyuma yangu. Akampisha na kijana wa mikanda. Nilipogeuka bado anapisha, kama mlango wa benki."

"Na akapata kumi na saba."

"Mwanangu, adabu ikimjia mtu ghafla, mshike mfuko wako."

* * *

Duka la Godoro lilikuwa bado upande wa soko la zamani, na yeye alikuwa amelala juu ya bidhaa yake, magodoro sita kwenda juu, kiasi kwamba Inspekta ilibidi aongee na nyayo zake.

"Nasikia jana uliwapisha watu kwenye foleni."

"Mimi ni mtu wa heshima," zilijibu nyayo. "Wazee hutangulia."

"Kijana wa mikanda naye ni mzee?"

"Atakuwa mzee siku moja. Nilimheshimu mapema."

"Mwenyekiti ni nani kwako?"

Godoro akajiinua kwa kiwiko. "Ni mwenyekiti wangu. Kama alivyo wa wote."

"Fundi umeme?"

"Tunacheza naye bao."

"Mama chai?"

"Nakunywa chai yake. Inspekta, utanishitaki kwa kunywa chai?"

"Inategemea sukari," alisema Sindano, akaondoka.

Nje, Kalamu alikuwa na furaha. "Ni fundi, afande! Ndiye aliyemwambia karani aingie chini ya meza. Na wanacheza bao!"

"Inawezekana."

"Au mama chai. Yule mama anajua kila kinachosemwa katika soko hili, hata ambacho bado hakijasemwa."

"Inawezekana pia. Tena nilipompita getini amenitonya kwamba mke wa mwenyekiti na Godoro wamenyonya ziwa moja. Ni shemeji. Mwenyewe Godoro kakwepa kulisema."

"Basi ni mwenyekiti!"

"Sajenti, kwa saa moja umeshawafunga watatu. Ushemeji si kosa, bao si kosa, na chai ile ni kosa lakini si la jinai. Waliiona namba watu watatu, na wote watatu wanazungumza na Godoro. Nikiwauliza, watakataa watatu. Kwa hiyo siulizi." Alianza kutembea haraka. "Mkulima akiwa na mbegu asizozijua, anafanya nini?"

Kalamu alisita. "Anamwuliza aliyemwuzia?"

"Anazipanda. Halafu anangoja aone ipi imeota wapi."

* * *

Kwenye ofisi ya soko, karani aliketi mbele ya kompyuta yake, Kalamu pembeni akimlinda asitoroke kupitia dirisha ambalo hata paka lilikuwa likimbana. Inspekta alimweleza anachotaka. Msichana alisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu jana akatabasamu.

"Afande, hiyo ni rahisi. Badala ya saa, naipa mbegu ninayoitaka mimi. Mia moja na mbili, labda. Itatoa namba zake, na kila nikirudia itatoa zilezile. Nikibadilisha mbegu, mfuatano mwingine."

"Nitafutie tatu. Kila moja iwe na ya kwanza yake, zisifanane."

Vidole vikacheza. Alijaribu mbegu moja akaiacha, akajaribu nyingine, akaandika, akafuta.

"Hii inaanza na tisa. Hii ishirini na mbili. Na hii," aligeuza kioo, "thelathini na moja."

Fundi umeme aliitwa wa kwanza, bisibisi sikioni. Inspekta alimwambia kwamba polisi wameshindwa kujua nani mkweli, kwa hiyo uchaguzi utarudiwa saa nane mchana, kadi zitagawiwa upya kwa foleni, na mashine imetengenezwa. Yeye kama mtu aliyekuwepo kwenye jaribio la kwanza, alihakikishe na hili, na asimwambie mtu.

Karani akaendesha. Tisa. Akazima, akaendesha tena. Tisa.

"Mbona imerudi tisa?" fundi aliuliza.

"Juzi haikurudi?"

"Juzi nilikuwa juu ya ngazi, nimekipa kioo mgongo. Lakini afande, hii si sawa. Mashine ya bahati itarudiaje?"

"Tutaiangalia. Asante, fundi."

Mlango ulipofungwa, Kalamu akanong'ona: "Huyo si yeye. Ameuliza mwenyewe."

"Mjanja naye huuliza. Mwite mama chai. Binti, badilisha mbegu."

Mama chai aliingia na birika, akamimina vikombe vinne kabla hajaambiwa akae. Aliona ishirini na mbili, mara mbili, na hakuonekana kuona chochote.

"Umeiona namba?"

"Nimeiona. Ishirini na mbili. Umri wa kitinda mimba wangu, na bado hajaoa. Mnataka sukari zaidi?"

Wa mwisho alikuwa mwenyekiti. Aliingia akiwa ametangulizwa na tumbo, akakaa bila kukaribishwa, kwa kuwa kiti kilikuwa chake.

"Mwenyekiti, nisaidie," alisema Sindano kwa sauti ya mtu aliyepotea njia. "Mimi mashine niliyoizoea ina pedali. Hii siielewi. Wanasema imetengenezwa. Wewe mtu mzima, thibitisha inafanya kazi, nami niifunge kesi hii niende zangu."

Mwenyekiti alicheka kwa huruma. "Hizi za kisasa, Inspekta, zinataka kichwa."

Karani akaendesha. Thelathini na moja. Akazima, akaendesha tena. Thelathini na moja. Mwenyekiti alitazama mara ya kwanza kwa uvivu. Mara ya pili alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Iko sawa?" Inspekta aliuliza.

"Iko sawa kabisa. Safi. Hata wewe utaielewa, ukipata muda." Alisimama. "Na huyu msichana?"

"Ni wa rumande, saa kumi, kama ilivyopangwa."

"Sheria ifuate mkondo wake," alisema mwenyekiti, akatoka akipiga mluzi.

Kalamu alifungua kinywa. Inspekta akainua kidole.

"Usimfunge mtu, Sajenti. Shamba limepandwa. Nenda kachukue kadi, usimame mlangoni. Utagawa wewe."

* * *

Saa nane foleni ilikuwa ndefu na yenye kelele. Watu walikuwa wamesikia kwamba uchaguzi unarudiwa, na kila mmoja alikuwa na elimu yake: kwamba kumi na saba imeshakula bahati yake na haifai kushikwa, kwamba namba witiri ni za wanaume, kwamba aliyekuwa chooni jana leo lazima awe langoni. Shangazi, aliyeruhusiwa kutoka akiwa na askari mmoja pembeni, alisimama kwenye foleni akimtuma askari huyo amshikie mkoba.

Inspekta alisimama nyuma ya nguzo, karibu na karani. Msichana alikuwa amekunja mikono kifuani.

Godoro alikuwa amefika mapema. Alikuwa wa pili kutoka mbele. Kalamu alipotoa kadi ya kwanza, Godoro aliinama.

"Tangulieni, ndugu zangu, tangulieni. Nafunga kamba ya kiatu."

Inspekta alitazama miguu yake. Godoro alikuwa amevaa ndara.

Watu walipita. Tano, sita, saba. Nane alikuwa kijana wa mikanda, ambaye alipishwa kwa heshima ya uzee wake ujao.

"Ya tisa sasa," karani alinong'ona.

Mlangoni alikuwa amefika muuza sufuria. Godoro alimtazama, akatazama mlango, akajikuna. "Pita, kaka."

Tisa ikaingia ndani mikononi mwa muuza sufuria.

"Fundi katoka," alisema Inspekta kwa sauti ndogo.

Godoro aliendelea kupisha. Ndara zake zilikuwa na kamba nyingi zisizokwisha. Jua lilimchoma, jasho likamtoka, na bado akawa mpole kama mchumba siku ya kwanza. Watu walianza kumwombea dua. Mwanamke mmoja alisema huenda jana usiku aliota kifo.

Ishirini. Ishirini na moja. Shangazi alikuwa nyuma yake.

"Leo tena, Godoro?"

"Leo tena, shangazi. Tangulia."

"Nikipita kwa hiari yako mara mbili, nitahitaji daktari." Akapokea kadi: ishirini na mbili.

"Mama chai katoka," alisema Inspekta.

Karani alisogea kwenye ukingo wa nguzo. Ishirini na tano. Ishirini na nane. Godoro sasa alikuwa akihesabu kwa midomo. Ilipotolewa ishirini na tisa, foleni ikakatika ghafla. Waliobaki walikuwa bado wanavuka uwanja, na mtu wa kumpisha hakuwepo. Godoro akageuka huku na huku kama kuku aliyepoteza banda. Akamwona Mama Ndoo, muuza ndoo, akija pole pole na mnara wa ndoo kichwani, mwingine mkononi.

"Mama yangu!" Godoro alimkimbilia. "Njoo, mama yangu, njoo upite!"

"Sina haraka, baba. Nangoja wenzangu."

"Huna haraka ya nini? Pita na ndoo zako! Lete nikushikie!" Alimbeba nusu, ndoo zikigongana, akamsukuma mpaka mbele ya Kalamu. Mama Ndoo akapokea thelathini. Na kabla kadi hiyo haijamtoka Kalamu vidoleni vizuri, Godoro alikuwa ameshainyakua inayofuata.

"Thelathini na moja," alisema Kalamu, na safari hii alielewa alichokisema.

* * *

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikaa mbele. Inspekta Sindano alipanda jukwaani bila haraka, akimwacha karani mezani kwenye kompyuta.

"Kabla hatujaanza," alisema, "leo niliwaonyesha watu watatu mashine hii ikijaribiwa. Nataka waseme hadharani walichokiona. Fundi, namba ya kwanza ilikuwa ngapi?"

"Tisa," alisema fundi.

"Tisa?" Mama chai aligeuka na birika lake. "Wewe fundi umeme umekupiga? Ilikuwa ishirini na mbili!"

"Tisa, mama! Tena mara mbili!"

"Ishirini na mbili! Kama kitinda mimba wangu!"

Ukumbi ulianza kucheka. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa ameshika miwani yake mkononi, hajaifuta wala hajaivaa.

"Kila mmoja nilimwonyesha namba yake," alisema Inspekta, na kicheko kikafa. "Fundi alionyeshwa tisa peke yake. Mama chai, ishirini na mbili peke yake. Na mwenyekiti akaonyeshwa yake, ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Mwenyekiti, ulionyeshwa ngapi?"

Mwenyekiti akakohoa. "Mimi... sikumbuki vizuri. Nadhani ilikuwa... tisa."

Katikati ya ukumbi mtu akasimama ghafla, kadi imemkunjika mkononi.

"Tisa?" Godoro alipiga kelele, sauti imejaa uchungu wa mtu aliyesimama juani bure. "Shemeji! Si uliniambia thelathini na moja?"

Kalamu aliiandika sentensi hiyo yote, kisha akaipigia mstari.

Inspekta alimtazama Godoro, akamtazama mwenyekiti. "Asanteni. Mmeniokolea maswali. Sajenti, wawili hawa. Mwenyekiti aligundua juzi kwamba mashine inarudia, akanyamaza, akamnong'oneza shemeji yake asimame wa kumi na saba. Msichana aliposema ukweli, mwenyekiti akamsingizia yeye na shangazi yake, na sisi tukaokota pakiti ya kabichi."

"Na mbegu je?" mtu aliuliza kutoka nyuma. "Mbegu ni nini?"

"Huyo atawaeleza." Inspekta alimwashiria karani. "Wewe huru, binti. Lakini watu hawa wanataka vibanda, na saa kumi inakuja. Maliza kazi yako."

Karani alisimama, kisha akakaa tena, kwa kuwa kazi ilikuwa ya kukaa. Kwenye ukuta, kupitia projekta, watu wote waliona akifungua programu yake na kuandika mstari mmoja juu ya mingine, neno kwa neno, mpaka nukta na mkato wake mwishoni.

Shangazi alikuwa amejisogeza hadi mbele kabisa. "Hicho tu?"

"Hicho tu, shangazi."

"Mstari mmoja ndio ulionilaza mahabusu? Basi uandike kwa herufi kubwa, wauone vizuri!"

"Haikubali herufi kubwa, shangazi. Ukiandika kwa herufi kubwa inakataa."

"Ina maringo kuliko mwenyekiti."

Msichana aliiendesha, namba zikatoka. Akaiendesha tena, zikatoka nyingine. Na tena, nyingine kabisa. Ukumbi ulipiga makofi kama vile wamemwona mtu akitembea juu ya maji.

"Hayo yalikuwa majaribio," alisema. "Sasa mbegu ni saa yenyewe, na sitachagua mimi. Shangazi, ukitaka, sema 'sasa'."

Shangazi alifumba macho. Aliwaacha wangoje kwa makusudi, kama mtu anayelipiza benchi lote la mahabusu. Godoro na mwenyekiti walikuwa wameshafikishwa mlangoni, lakini Kalamu naye alitaka kuona, kwa hiyo wakasimama wote watatu.

"Sasa!"

Kitufe kikabonyezwa. Namba ya kwanza ikawaka ukutani, kubwa kama kichwa cha mtu.

Thelathini.

Watu wakatazamana, wakatafuta kadi zao. Kisha nyuma kabisa ndoo zikaanguka moja baada ya nyingine, na Mama Ndoo akainua mkono wake kama mwanafunzi asiye na uhakika na jibu.

Alipopewa njia, hakwenda jukwaani. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akamshika Godoro mikono yote miwili juu ya pingu, machozi yakimlengalenga.

"Baba," alisema, "mimi nilisema sina haraka. Wewe ndiye uliyenibeba."